Arobaini ya Mchanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya maji na tone la wino. Mkuu wa Maabara alifungua kalamu yake, akadondosha tone lile mbele ya macho yangu, akakoroga kwa rula mpaka maji yote yakawa na rangi ya anga la jioni, kisha akasema, "Haya, Binti. Utoe huo wino." Akarudi kusoma gazeti lake.

Nilikuwa nimetoka masomoni juzijuzi, nimevaa viatu vipya vinavyobana, na kichwa kimejaa. Dirisha la maabara yetu pale Morogoro lilitazama mlima moja kwa moja. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti ya chini, na kila nilipoinua macho kutoka kwenye ndoo niliona kama mlima wenyewe nao umo ndani ya maji, unasubiri kusafishwa. Mimi ni mtu wa Kondoa, nimekulia penye ukame. Mlima unaotoa maji bila kuombwa nilikuwa siuelewi, na mpaka leo siuelewi vizuri.

Nikamwambia Mkuu kwamba nitakeneka. Vijana mnaosoma haya, kukeneka ni kuchemsha maji, kuukinga mvuke, na kuupoza urudi kuwa maji. Uchafu unabaki chini ya chungu. Nilijibu kwa kujiamini kabisa, maana mtihani wa kukeneka nilikuwa nimeupasi kwa alama nzuri.

"Utachemsha ndoo nzima?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Humo ndani kilicho kichache ni kipi?"

"Wino, Mzee."

"Na kilicho kingi?"

"Maji."

"Sasa kwa nini unawasumbua wengi wasio na kosa kwa ajili ya mmoja?"

Alisimama, akachukua kopo lililotobolewa chini, akalijaza mkaa wa vifuu vya nazi uliopondwa, akamimina maji ya wino juu yake pole pole. Ya kwanza yalitoka na vumbi jeusi, akayamwaga. Yaliyofuata yalidondoka meupe. Akanionyesha bilauri dhidi ya mwanga wa dirisha, na mlima ukaonekana ndani yake, umepinduka.

"Mkaa umeushika wino," akasema. "Maji hatukuyagusa. Mkaa huu huu ungeuwasha, ungekutosha kuchemsha chai tu. Utafute uchafu, Binti. Maji yaache yaendelee na safari yake."

Kazi yangu yote ilikuwa ni swali lile la ndoo, likirudi kila mara kwa sura mpya. Maji yanayoletewa fundi huwa karibu yote ni maji. Uchafu ni kidogo sana, tena umetawanyika, ndiyo maana ni mgumu kuukamata. Mtu mwenye pupa hupiga moto, hufunga pampu, hukoroga kwa injini, yaani huyahamisha maji yote ili amtoe mkorofi mmoja. Mtu mwenye subira hutafuta kitu ambacho mkorofi yule anakipenda, akakiweka njiani, akangoja.

Subira ile ilitufaa, maana ilikuwa miaka ya shida ya mafuta. Nchi ilikuwa inahamia vijijini, kila redio inasema ujamaa na kujitegemea, na sisi wa maji tulitakiwa kufika kila mahali. Lakini dizeli ilitafutwa kama dawa ya mgonjwa mahututi. Gari la ofisi liliweza kulala chini ya mwarobaini wiki nzima likingoja mafuta, na kuku wa mlinzi wakataga ndani ya gurudumu la akiba.

Kituo changu cha pili kilikuwa Ngerengere, kwenye mji wa reli. Hapo bosi wangu alikuwa Fundi Mkuu wa Mitambo, mtu mrefu, mkimya, aliyezungumza na pampu zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Maji ya kule yalikuwa na tope laini sana, lile ambalo hata ukiliacha kwenye gudulia linakataa kutulia. Dawa yake ni shabu, ile ile wanayopaka vinyozi. Shabu ikiingia majini, chembe za tope zinaanza kushikana, zinakuwa mabonge mepesi kama pamba, kisha zinazama kwa uzito wake. Ila lazima maji yakorogwe, tena kwa upole, na mkorogo wetu ulikuwa wa injini.

Injini ikakosa mafuta. Nikadhani tutafunga kituo. Fundi Mkuu akaagiza mbao kuukuu za mabehewa, akazipanga ndani ya mfereji, moja huku, moja kule, maji yakawa yanapita yakizunguka kona baada ya kona. Yakajikoroga yenyewe. Mwisho wa mfereji yalifika yamejaa mabonge meupe yanayoelea, yakaingia kwenye bwawa la kutulizia, na pale yakanyamaza.

"Sasa tufanye nini?" nikamuuliza.

"Sasa yaache yalale," akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mtoto.

Nilikaa ukingoni mwa bwawa lile alasiri nyingi. Treni ilipita, ardhi ikatetemeka kidogo, na mabonge yaliendelea kushuka taratibu, bila haraka, kama yaliyokuwa yanasikiliza jambo fulani chini kule. Nilikuwa najiuliza kama hii ni kazi au ni usingizi wa kulipwa. Wenzangu niliosoma nao waliandika kutoka Dar es Salaam wakisema wanafanya kazi kwenye mitambo mikubwa yenye taa za rangi. Niliwaonea wivu, sitaficha. Lakini nilikuwa na furaha pia, furaha ya kijinga ya mtu anayetazama maji yakijisafisha.

Nilipotoka hapo nikapandishwa mlimani. Mhandisi wa Maji wa Mkoa aliniita ofisini mwake mjini, akanionyesha ramani, akaweka kidole juu ya Matombo, kisha akakisogeza juu zaidi, mahali ambapo ramani haikuwa na kitu.

"Hapa pana kijiji," akasema. "Watu wa misheni wanapaita Juu tu. Na hawa watu wanataka kuhamishwa."

"Wanataka, Mzee?"

"Hapana. Wanatakiwa." Alikuwa mtu wa maneno makali, mwenye miwani mizito na kikohozi cha sigara. "Ofisa wa Operesheni, huyu wa kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, anasema maji yao ya kijito yanawaharisha, na bondeni kuna kisima na pampu. Kwa hiyo washuke. Nimemwomba jambo moja. Tukiweza kuwapa maji salama pale pale walipo, kijiji kiandikishwe pale pale. Amekubali, ila atakuja kuona kwa macho yake. Huko hakuna umeme, dizeli haiwezi kupanda, na wewe ndiye mwanafunzi wa yule mzee wa wino. Nenda."

Nilipofika Juu nilipewa chumba kwa Bibi Felista. Alikuwa mkunga wa kijiji, mjane, mkulima wa migomba na kabichi, na ndiye aliyekuwa anaongoza kina mama wa kigango, kanisa dogo la pale. Waluguru, wenyeji wa mlima ule, ardhi yao inapita kwa mama. Migomba ile aliyoilima ilikuwa ya mama yake, na ya mama wa mama yake, nao wote wawili walikuwa wamelala mle mle ndani ya migomba, chini ya misalaba ya mbao. Jioni ya kwanza aliniuliza kama huko bondeni wanakotaka kumpeleka kuna mlima.

"Hakuna, Bibi. Ni tambarare."

"Basi mama yangu atanionaje?" akasema, akaendelea kuchambua mchicha. Usiku ule nilijua kwamba kazi hii sifanyi kwa ajili ya Mhandisi.

Tulijenga chujio la mchanga la mwendo wa polepole. Nitaeleza kwa kifupi maana siku hizi vijana wanalipita bila kuliangalia. Ni sanduku kubwa la mawe na saruji. Chini unatandika kokoto, juu yake mchanga uliooshwa, juu ya mchanga unaacha maji yasimame. Maji yanaingia kutoka kijitoni kwa mteremko wake, yanashuka ndani ya mchanga kwa mwendo wa konokono, yanatokea chini kwenye tangi, na kutoka tangini yanateremka hadi bombani. Hakuna injini. Mlima wenyewe ndio unaosukuma. Kijiji kizima kilijitolea: wanaume walivunja mawe, kina mama walipandisha mchanga wa mtoni kwa vikapu kichwani, wakiimba, na mimi nikiwakagulia kama mwalimu mkali, huu mnene, huu mwembamba, huu rudisha.

Lakini mchanga peke yake hausafishi kitu cha maana. Siri ya chujio hili iko juu ya uso wa mchanga. Maji yakipita siku hadi siku, pale juu panaota ngozi nyembamba, ya kijani na kahawia, inateleza ukiigusa. Ni viumbe hai, wadogo wasioonekana, wamejenga mji wao pale. Vijidudu vya magonjwa vikishuka na maji vinanaswa mle na kuliwa. Ndicho kile kitu alichosema Mkuu wa Maabara: uchafu umetafutiwa wa kuushika, na maji yanaendelea na safari. Mafuta yake ni muda tu. Kitaalamu, kwa Kiswahili cha ofisi yetu, ngozi ile tuliiita utando.

Neno hilo ndilo lililotuponza.

Niliwakusanya kina mama nikawaeleza kwamba utando ukishaota maji yatakuwa salama. Wakaitikia. Utando ukaota. Nilikuwa na vichupa vyangu vya kupimia, vyenye dawa ya rangi ya zambarau. Unatia maji ndani, unaviweka kwenye kasha lenye joto la taa ya mafuta, kesho yake unatazama. Vikigeuka njano, vijidudu vimo. Vikibaki zambarau, umepona. Maji ya kijito yalikuwa njano kila mara. Maji ya bombani, utando ulipokomaa, yakabaki zambarau, tena na tena. Nililia kidogo siku ile, peke yangu, nikasingizia moshi.

Nikawaambia wanakijiji kwamba nashuka mjini kuwaleta wageni waje waone chujio letu, wajiandae. Nikashuka na moyo mweupe.

Tulirudi watu watatu: Mhandisi, mimi, na Ofisa wa Operesheni, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Nilitegemea jitu lenye fimbo. Alikuwa kijana mnene kiasi, mpole wa sura, anayehema njia nzima. Gari lilituacha pale barabara mbovu ilipokata tamaa, tukapanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu, mara namwona Mhandisi, mara nasikia kikohozi chake tu. Tukapokewa kwa vigelegele. Bibi Felista alikuwa mbele, amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Karibuni, wanangu," akasema. "Njooni muone."

Nikaona. Chujio lilikuwa tupu, limekaushwa, na mchanga umelala ndani yake mweupe, unameta, hauna hata jani. Kuta zimesuguliwa. Mchanga umepigwa fagio, mistari imenyooka kama ua wa kanisa siku ya kipaimara.

"Tumeusugua tangu jana, mama," Bibi Felista akaniambia, uso unang'aa. "Ule utando wote tumeukwangua. Tungewaonyeshaje wageni kitu kina utando?"

Kwa kina mama wale utando ni kile kinachoganda juu ya uji uliopoa, ni kile kinachomfunika mzee jicho, ni nyumba ya buibui. Utando unatolewa. Nani amewahi kuambiwa autunze? Na mgeni anakuja. Hakuna nyumba katika mlima ule, wala katika nchi hii, inayomngoja mgeni bila kufagia.

Ofisa wa Operesheni akalizunguka chujio, mikono nyuma. "Safi sana," akasema. "Kwa kweli safi sana. Mhandisi, hongera. Pimeni basi, tumalize."

Mhandisi alinitazama juu ya miwani. Tulijua sisi wawili tu. Tangini mle chini yalikuwa bado yamejaa maji ya juzi, yaliyochujwa kabla ya fagio. Ningekinga hayo, vichupa vingebaki zambarau, kijiji kingeandikishwa, na Ofisa angeshuka zake. Kisha watu wangefungulia kijito juu ya mchanga mtupu, wakanywa njano kwa imani kwamba ni zambarau. Mhandisi hakunisaidia. Aliwasha sigara akageukia bonde, akaniachia mimi.

"Ndugu Ofisa," nikasema, "leo hatuwezi kupima. Mchanga huu ni msafi mno."

Akacheka, akidhani ni utani. Nilipomweleza, kicheko kikaisha. "Nyie watu wa maji mna mambo," akasema. "Pakiwa pachafu mnasema ni salama, pakiwa safi mnasema hatari. Sasa mimi nikaandike nini? Nimepanda mlima wote huu."

"Utando utaota tena."

"Lini?"

"Inategemea maji, jua, baridi. Wiki kadhaa. Hauwezi kuharakishwa."

"Dada yangu, mimi nina vijiji vya kuhamisha na mvua iko njiani. Siwezi kungoja ukungu uote kwenye mchanga." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kubeba mzigo wa mwingine.

Vigelegele vilikuwa vimekufa. Bibi Felista alikuwa amesikia yote. Akakaa juu ya ukuta wa chujio, mikono mapajani, na uzee ukamjia pale pale mbele yetu.

"Kwa hiyo kile ndicho kilichokuwa kinatusafishia," akaniuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Kilikuwa hai?"

"Kilikuwa hai."

"Nacho kikiota upya kinataka nini?"

"Kitulie tu. Kipate maji polepole, kisiguswe."

Nilimwona anautazama mchanga ule vingine kabisa, kwa jicho la kazi yake, jicho lililoingia vyumba vingi. Kisha akamgeukia Ofisa.

"Baba, una mke?"

"Ninaye, Bibi."

"Ameshajifungua?"

Ofisa akaona haya, akatabasamu. "Wa kwanza, Bibi. Mwezi uliopita."

"Hongera, baba. Siku ile aliyojifungua ulimpeleka shamba?"

"Hapana, Bibi. Yuko ndani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka arobaini."

"Ulimuuliza mkunga kwa nini asiharakishwe?"

Kina mama walikuwa wamemzunguka Ofisa, na hakuna mwanaume, awe na cheo gani, anayeshindana na kina mama juu ya jambo hilo.

"Huyu naye ni mzazi," Bibi Felista akasema, akaweka kiganja juu ya mchanga. "Sisi tumemtoa nje kabla ya siku zake, kwa ujinga wa kufagia. Mpe arobaini yake. Ikiisha, uje mwenyewe. Akiwa hawezi kazi, nitashuka bondeni na nitakuwa wa kwanza kufunga mzigo, ninyi mtanikuta njiani."

Nilimwona Ofisa akitazama migomba, misalaba ya mbao, halafu mchanga. Mhandisi alikohoa. "Arobaini," Ofisa akasema hatimaye. "Haizidi."

Nikamuuliza Bibi waliupeleka wapi ule utando waliokwangua. Akasema kwenye vitalu vya kabichi, si ni mbolea? Nikamshika mkono karibu nimwangushe. Tulienda wote vitaluni tukauzoa, bado una unyevu, tukaurudisha kidogo kidogo juu ya mchanga kama mtu anayerudisha hamira kwenye unga, kisha tukafungulia maji.

Arobaini ile naikumbuka kuliko miaka mingine mizima ya maisha yangu. Kina mama walitundika kanga kwenye mlango mdogo wa uzio wa chujio, kama inavyofanywa kwenye chumba cha mzazi. Watoto walikatazwa kukimbia karibu. Wanaume walipopita na majembe walishusha sauti. Walevi waliotoka kilabuni walizunguka njia ya mbali. Kijiji kizima kilikuwa kinanyata kuzunguka sanduku la mchanga. Asubuhi wapita njia waliniuliza, "Mzazi ameamkaje?" nami nikawajibu, "Ameamka salama," na sikuwa nafanya mzaha. Siku moja nilimkuta mama mmoja amesimama ukutani na kibuyu cha uji wa pilipili manga, ule wanaopewa wazazi, anataka kummiminia. Nilimdaka mkono. Alikasirika, akasema mimi ni mchoyo, mzazi gani asiyekula. Uji ule tukaunywa wote wawili tukiwa tumekaa juu ya ukuta, na ulikuwa mtamu.

Nilikuwa nainama juu ya maji kila siku. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu kitu kama kivuli. Halafu, siku moja ukungu ulipofunguka ghafla na jua likapiga majini, niliona mchanga umevaa vazi jembamba la kijani, limetulia. Nikamwita Bibi. Alitazama, akafanya ishara ya msalaba, akasema kwa kunong'ona, "Ana rangi nzuri."

Ofisa alikuja mwenyewe siku ya mwisho, peke yake, anahema vile vile. Akampa Bibi shikamoo, akafungua mfuko, akatoa kanga mpya. Wakati ule kanga ilipatikana kwa foleni na bahati.

"Mke wangu ameshatoka arobaini," akasema. "Amesema siendi kumwona mzazi mikono mitupu."

Tulikinga maji mbele yake. Tukavitia vichupa kwenye kasha ndani kwa Bibi, tukalala. Asubuhi nilifungua kasha. Ofisa, Bibi na majirani walikuwa mlangoni, wameziba mwanga wote. Nilivipanga vichupa dirishani, kimoja baada ya kingine.

Zambarau, vyote.

Bibi Felista hakupiga kelele. Alitoka nje akaenda kwenye migomba, tukamwona amesimama pale kwa mama yake muda mrefu. Kijiji kikaandikishwa pale kilipo. Baadaye nilipata habari kwamba pampu ya bondeni ilikaa kimya msimu mzima kwa kukosa dizeli, lakini hilo sikulifurahia, maana walikuwepo waliohamia kule wakaitegemea.

Baada ya hapo nilifanya kazi vituo vingi, chini ya wakubwa wengi, wengine wema, wengine wa kujaza viti. Nilistaafu nikiwa nimekaa mezani zaidi kuliko nilivyopenda. Siku hizi vijana wanakuja kunisalimia hapa nyumbani Morogoro, wananieleza mitambo yao. Wanatumia utando, wanasema, utando wa kiwandani wenye vitundu visivyoonekana, na maji yanasukumwa kupita kwa nguvu kubwa ya umeme. Nawapongeza kwa dhati. Mahali pengine hakuna njia nyingine, chumvi kwa mfano haishikwi na mchanga. Ila huwa nawauliza lile swali la ndoo: kilicho kichache ni kipi? Na kama wanaweza kukitafuta hicho, wakaacha maji yaende. Wengine wanacheka. Mmoja mmoja ananyamaza, na huyo ndiye ninayemwongeza chai.

Bibi Felista alifariki mzee kabisa. Habari zilinifikia zimechelewa, nikapanda mlima kwenda kuhani, mimi na magoti yangu haya mabovu. Nilimkuta amelala pale alipotaka, kati ya migomba, pembeni ya mama yake, na mlima unamwona. Nililia bila kusingizia moshi. Kisha nikaenda kwenye chujio, nikiwa na mpwa wangu aliyenisindikiza, namweleza kwa sauti kubwa kama kawaida yangu, hapa tulijenga hivi, hapa tulikosea vile.

Binti mmoja alikuwa anateka maji bombani. Hakunijua, kwa nini anijue. Kwenye mlango mdogo wa uzio palikuwa na kanga, mpya, sijui ya ngapi. Binti aliweka ndoo chini, akanisogelea kwa adabu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bibi. Samahani, hapa huwa hatusemi kwa sauti. Ndani kuna mzazi."

Nikamwitikia marahaba kwa kunong'ona.